Wazazi hawaji mikutanoni: nianzie wapi kuwafunza walimu wenzangu?

Swali: Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya umma kando ya ziwa, Kaunti ya Kisumu. Mwalimu mkuu amenipa Ijumaa tatu alasiri, muhula wa pili, niwafunze walimu wenzangu 16 jinsi ya kuwashirikisha wazazi katika masomo ya watoto. Wazazi wetu ni wavuvi na wachuuzi wa samaki. Watoto wengi wanalelewa na nyanya zao ambao hawakusoma. Tukiita mkutano, hata robo hawafiki. Walimu nao wananiambia hiyo si kazi yao. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama mafunzo yamefaulu?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, hasa kwa kuwa hukuficha kwamba walimu wenyewe hawataki. Wengi wanaoniandikia huwalaumu wazazi peke yao.

Kwanza nakuomba uliweke kando neno "kufika". Nyanya ambaye hajawahi kukanyaga shuleni, lakini kila jioni anamwambia mjukuu wake, "Hebu nisimulie mlichofundishwa leo," anashiriki katika masomo ya mtoto kuliko baba anayehudhuria kila mkutano, akaketi nyuma, akatia sahihi, akaenda zake. Ukiwafunza walimu mbinu za kujaza viti, huenda ukavijaza. Lakini mtoto atarudi nyumbani jioni ile ile, na hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Kabla ya Ijumaa ya kwanza, wape walimu zoezi dogo. Kila mmoja akumbuke mara tano za mwisho alizozungumza na mzazi, aandike mazungumzo yalihusu nini. Nimelifanya zoezi hili katika shule nyingi, Kisumu, Siaya, Vihiga hadi Nakuru, na orodha huwa zinafanana kama zimenakiliwa: pesa za chakula, pesa za mtihani, mtoto amepigana, mtoto ameugua, mtoto hana sare. Mazungumzo kuhusu jinsi mtoto anavyosoma, anapokwama, anachokipenda, ni machache mno au hayapo kabisa. Sasa jiweke mahali pa mzazi. Simu ya shule ikilia, unajua kuna deni au kuna aibu. Ungekuwa wewe, ungekimbilia kwenda?

Mimi mwenyewe nilimfukuza mzazi kwa njia hiyo. Nilikuwa mwalimu mchanga, na darasa la tatu nilikuwa na mvulana asiyefanya kazi ya nyumbani. Nikamwandikia daftarini kwa kalamu nyekundu: "Mzazi afike shuleni bila kukosa." Kesho yake mama alikuja. Alikuwa na beseni la samaki, akaliacha langoni kwa mlinzi. Nilikuwa darasani, na hakuna aliyemkaribisha wala kumpa kiti. Alisimama chini ya mwembe karibu na ofisi, na kila kengele ilipolia alitazama mlango wangu. Nilipotoka wakati wa mapumziko nilikuwa nimekumbatia madaftari. Nikamwambia kwa haraka, walimu wengine wakisikia, kwamba mwanawe ni mvivu na yeye kama mzazi hamsaidii. Akasema, "Nimesikia, mwalimu." Akageuka, akajitwika beseni lake lililokwisha kukaa juani karibu saa mbili, akaenda. Hakuja tena mpaka mtoto alipomaliza darasa la nane. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba nyumbani kwao koroboi ilikuwa moja, na jioni koroboi hiyo ilikwenda na mama barabarani alikokaanga samaki. Mvulana alikuwa akingoja taa irudi, na usingizi ukimfikia kwanza.

Swali moja lingenipa jibu hilo siku ile chini ya mwembe: "Mama, jioni kwenu huwaje?" Kama ningekuwa na Ijumaa moja tu badala ya tatu, ningewafunza walimu wako kuuliza swali hilo na kunyamaza wajibiwe. Mengine yote ninayokuandikia hapa yanatoka humo.

Nina sababu ya kusisitiza kuuliza kuliko kueleza. Zipo tafiti mbili za hapa Kenya ambazo huwasimulia walimu kila ninapofundisha. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2014 na Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai. Walichunguza kaya zilizofikiwa na Uwezo, mpango uliokuwa ukipima watoto nyumba kwa nyumba katika kusoma na hesabu, na kuwapa wazazi matokeo hapo hapo pamoja na maelezo ya jinsi wanavyoweza kusaidia. Tumaini lilikuwa kwamba mzazi akijua mtoto hasomi, atachukua hatua. Watafiti hawakuona badiliko lolote la maana katika yale wazazi waliyofanya, iwe nyumbani au shuleni. Habari iliwafikia, ikaishia hapo.

Ya pili ilichapishwa mwaka 2020 na Heather Knauer na wenzake, nayo ilifanywa vijijini huku kwetu magharibi, kwa watoto wa umri wa chekechea. Walezi walipewa vitabu vya hadithi vyenye picha. Baadhi yao wakafunzwa pia namna ya kukaa na mtoto na kitabu: kumwuliza anaona nini, kumpa nafasi ajibu, kuliongezea jibu lake, kuihusisha picha na maisha yao. Mafunzo hayo ndiyo yaliyoongeza maneno ambayo watoto waliweza kuyataja kutoka katika vitabu vile. Na sikiliza hili, maana linajibu hofu yako kuhusu nyanya: watoto wa walezi wasiojua kusoma hawakufaidika kidogo kuliko watoto wa walezi waliosoma. Mlezi asiyejua herufi hata moja aliweza kumpa mtoto maneno, mradi mtu alimwonyesha jinsi ya kukishika kitabu na kuuliza.

Ukiziweka pamoja utaona zinawahusu walimu wako vile vile. Mwalimu akiambiwa "shirikisha wazazi" kwa slaidi na hotuba, atafanya kama wale wazazi wa utafiti wa kwanza: atasikia, atanukuu, basi. Anahitaji kufanyishwa mazoezi, mbele ya wenzake, kwa sauti yake mwenyewe.

Ndiyo maana Ijumaa ya kwanza ningeitoa yote kwa maigizo. Ondoa meza. Weka viti viwili ubavu kwa ubavu, si kutazamana kama polisi na mshukiwa, na daftari la mtoto liwe katikati ili wote wawili walitazame. Mwalimu mmoja awe mwalimu, mwingine awe nyanya. Raundi ya kwanza waachie waongee kama wanavyoongea siku zote. Mara nyingi huwa hivi:

"Nyanya, mjukuu wako yuko nyuma sana. Hasomi. Lazima umsaidie nyumbani."

"Sawa, mwalimu."

Simamisha hapo hapo. Usimkosoe aliyekuwa mwalimu. Mgeukie aliyekuwa nyanya, umwulize amesikia nini na atafanya nini akifika nyumbani. Kwa kawaida huinamisha uso kidogo na kusema hajui atafanya nini, labda amchape mtoto. Hilo hukigusa chumba kizima. Walimu wamekaa upande wa pili wa kiti kwa mara ya kwanza.

Kisha raundi ya pili, ukiwaongoza sentensi kwa sentensi:

"Oyawore, nyanya. Karibu kiti. Umetembea mbali?"

"Si mbali sana, mwalimu."

"Juzi mjukuu wako alitueleza darasani jinsi unavyochagua mbegu za mtama. Watoto wote walinyamaza wakimsikiliza."

"Huyo! Anapenda maneno huyo."

"Anayapenda kweli. Sasa nataka na kusoma kumpendeze hivyo. Tazama hapa. Sentensi fupi anaisoma vizuri, ndefu inamkwamisha katikati. Nisaidie kuelewa, nyanya. Jioni kwenu huwaje?"

Hapo mwalimu anyamaze. Hiki ndicho kipande kigumu kuliko vyote, na ndicho utakachorudia mara nyingi. Sisi walimu tumezoea kuuliza swali na kulijibu wenyewe mtoto akichelewa. Waambie wahesabu moyoni mpaka kumi. Nyanya wa kweli hataleta jibu upesi, kwa sababu hajawahi kuulizwa hilo na mtu wa shule. Atapima kwanza kama ni mtego.

Akishajibu, mwalimu aombe jambo moja tu, dogo, linaloingia ndani ya jioni aliyoelezwa. Kwa mfano: "Kabla hajalala, mwambie akusomee ukurasa mmoja, kisha akueleze kwa Dholuo kilichotokea. Ukimwelewa, amesoma. Usipomwelewa, mrudishe asome tena." Ona kilichofanyika. Nyanya asiyejua kusoma amepewa kazi ambayo anaiweza kikamilifu, na ambayo hata mwalimu hawezi kuifanya kwa kila mtoto katika darasa la watoto sitini. Yeye ndiye mwamuzi wa kama mtoto ameelewa. Mtoto naye anajua hawezi kumdanganya kwa kukariri.

Wape walimu raundi tatu au nne, wabadilishane, mpaka maneno yaache kusikika kama ya kusomwa. Wataona aibu mwanzoni, wengine watacheka. Vumilia. Kisha kila mmoja aondoke na kazi ya wiki: familia tatu, mazungumzo ya dakika tano hadi kumi, langoni, njiani, sokoni au kwa simu. Sharti ni moja, nami silegezi kamba hapa: pesa zisitajwe. Deni la shule liwe na siku yake na mtu wake, karani au mwalimu mkuu, lisichanganywe na mazungumzo ya masomo. Ukumbuke pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu mtoto wa shule ya umma azuiwe kuingia darasani kwa sababu ya ada ambazo mzazi hajalipa. Mzazi aliyewahi kuona mwanawe akirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa hatakusikiliza ukimwambia habari za kusoma.

Waanze na watoto gani? Walimu watataka kuanza na watukutu au walio mkiani. Mimi ningewatuma kwa wale wa katikati, wanyamavu, ambao mwalimu hana la kusema juu yao akiulizwa. Mazungumzo ya kwanza hayatakuwa na ugomvi ndani yake, na mwalimu atapata ujasiri.

Sasa kuhusu kusema kwamba hiyo si kazi yao. Usiwapige na waraka. Ni kweli mfumo wa mtaala wa mwaka 2017, ambao ndio msingi wa CBC, yaani mtaala wa umilisi, unataja kuwawezesha na kuwashirikisha wazazi kama mojawapo ya kanuni zake za mwongozo. Ni kweli pia fomu ya kutathmini walimu ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu, tunayoiita TPAD, ilipoanza ilikuwa na kipengele kizima cha kushirikiana na wazazi. Lakini walimu wako wanajua jinsi kipengele kile kilivyojazwa: kumbukumbu za mkutano, orodha ya sahihi, picha. Hawakatai wazazi, wanakataa karatasi nyingine. Na wamechoka, Mwalimu. Madarasa ni makubwa, vipindi ni vingi. Ukiwaambia tu kwamba ni wajibu wao utakuwa unawafanyia yale tunayowafanyia wazazi. Waulize wao pia: "Wiki yako huwaje? Dakika kumi zinaweza kupatikana wapi?" Utashangaa. Mmoja hupita ufuoni kila jioni akinunua mboga. Mwingine yuko kanisa moja na nusu ya wazazi wa darasa lake. Familia tatu kwa wiki, walimu 16, wiki kumi, ni mazungumzo 480 bila kuita mkutano hata mmoja.

Ijumaa ya pili ningeitumia kwa kazi za nyumbani, na hapa nitasema bila kuzunguka. Tangu CBC ianze kote nchini mwaka 2019, tumewatwisha wazazi mzigo kisha tukauita ushirikiano. Mtoto anatumwa alete picha zilizochapwa saiba, manila, rangi, gundi. Mama anatoa pesa ya mboga, au anakaa usiku akitengeneza kazi yenyewe huku mtoto amelala. Mzazi amelipishwa, na mtoto hajajifunza chochote kutoka kwake.

Kila mwalimu aje na kazi tatu za nyumbani alizotoa muhula uliopita. Mzisome pamoja kwa sauti na kwa kila moja muulize: inahitaji pesa? Inahitaji mtu mzima anayejua kusoma? Ndani ya nyumba ile, ni nani anayejua jambo hili kuliko mwalimu? Swali la mwisho ndilo la dhahabu. Kule Tucson, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Luis Moll na wenzake waliwapeleka walimu katika nyumba za wanafunzi wenye asili ya Meksiko, si kukagua wala kuhubiri, bali kujifunza familia zile zinajua nini. Walikuta ujuzi wa kilimo, ujenzi, biashara, tiba za miti, na walimu wakaurudisha darasani kama masomo. Shule zilikuwa zimeziona familia hizo kama zenye upungufu tu.

Wazazi wako wana hazina ya aina hiyo. Chukua mama anayeuza omena. Ananunua ufuoni kwa debe, anaanika, anauza kwa gorogoro na kwa vikombe. Gredi ya nne wanajifunza ujazo, sehemu na pesa. Badala ya zoezi la lita za maziwa kwenye kitabu, mtoto atumwe kwa mama: vikombe vingapi vinajaza gorogoro? Gorogoro ngapi zinajaza debe? Omena wabichi wakikauka, wanabaki kiasi gani? Siku ya mvua unajuaje kwamba hutapata hasara? Mama atajibu bila kalamu, kwa kichwa, upesi kuliko wengi wetu. Mwezi mmoja baadaye mwalike darasani kwa dakika ishirini, aje na gorogoro yake, apime mbele ya watoto. Nimeliona hili kwa macho yangu katika shule moja ya Siaya. Mama aliingia amejifunga leso, akasimama mlangoni akisita. Alipoondoka watoto walikuwa wakibishana kuhusu kwa nini gorogoro iliyobonyezwa chini inamwibia mnunuzi, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameketi dawati la nyuma akiandika. Mwanawe, msichana ambaye hakuwa akinyoosha mkono, alikuwa amekaa wima kama mlingoti.

Mwishoni mwa Ijumaa hiyo kila mwalimu aandike upya kazi moja ya nyumbani. Moja inatosha, wakaijaribu wiki ile ile.

Ijumaa ya tatu, usifundishe wewe. Alika wazazi wanne au watano wafundishe. Sheria ile ya mwaka 2013 inaweka Chama cha Wazazi katika kila shule ya umma, na katika bodi ya usimamizi wawakilishi sita ni wa wazazi, kwa hiyo una pa kuanzia. Lakini usiishie kwa viongozi, kwa sababu hao tayari wanajua kuongea na shule. Chukua nyanya mmoja, mvuvi mmoja, mama mmoja wa umri mdogo. Wakae na walimu katika vikundi vidogo, kwa lugha yoyote inayowatosha, wajibu maswali mawili: shule ikikuita, moyo wako husema nini? Na mwalimu angefanya nini ili uongee naye bila woga? Wape chai kama wageni wengine wa shule. Karen Mapp, mtafiti wa elimu ambaye mfumo wake wa ushirikiano wa shule na familia ulitumiwa na Idara ya Elimu ya Marekani, anasisitiza kwamba pande zote mbili zinahitaji kujengwa uwezo, walimu na familia, na kwamba ni vizuri wajifunze pamoja. Huku kwetu tumejenga upande mmoja kwa semina na upande wa pili kwa lawama.

Siku hiyo pia mzungumzie kuzuru nyumbani, kwa uangalifu. Mtoe taarifa mapema, mwende wawili, msiandike mbele ya mwenyeji, msipige picha za mtoto wala za nyumba. Tatizo kubwa ni ukarimu wetu. Mwalimu akija, mwenye nyumba atatafuta kuku, hata kama ni huyo tu aliyebaki, na kukataa kula ni kumdharau. Semeni tangu mwanzo kwamba mnapita dakika ishirini mkielekea kwingine, mpokee maji au chai, mshukuru, mwondoke. Na endapo mwalimu atakuta dalili za mtoto kudhulumiwa, hiyo si siri ya kubaki nayo. Mwalimu mkuu na afisa wa watoto wajulishwe, na namba 116 hupigwa bila malipo.

Kuhusu simu sitasema mengi. Kundi la WhatsApp huwafikia wenye simu za kisasa na kuwaacha wenye mulika mwizi, ambao kwa shule yako nadhani ndio wengi. Ujumbe mfupi wa maandishi utasomwa na mtoto mwenyewe, tena kwa tafsiri anayoitaka yeye. Piga, ongea. Ikiwa salio la simu ni tatizo, shule itenge kiasi kidogo, na jambo hilo ulipeleke kwa mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza.

Wakati nao ni jambo ambalo walimu hulisahau. Naivasha, ambako wazazi wengi hufanya kazi kwenye mashamba ya maua, shule zikiita mikutano wiki za kwanza za Februari huambulia patupu, kwa sababu maua ya tarehe 14 Februari yanakatwa na kufungwa usiku na mchana. Kwako kalenda ni ziwa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi huwa nyumbani. Na kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, yaani karibu muhula wako wote wa pili. Kina baba watakuwa na muda ambao hawana miezi mingine, ingawa mifuko itakuwa mitupu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotaja pesa. Badala ya kuwaita shuleni, zungumza na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, wakupe nusu saa katika mkutano wao wa ufuoni. Nenda na madaftari mawili matatu yenye kazi nzuri za watoto, baada ya kuwaomba ruhusa, uwaonyeshe. Usiende na hotuba. Kina mama utawapata katika vyama vyao, na nyanya kanisani.

Umeuliza utajuaje kama mafunzo yamefaulu. Usihesabu waliohudhuria mkutano wa mwisho wa muhula. Huenda wakaongezeka, huenda wasiongezeke. Mimi hutumia rejista ya darasa. Ijumaa ya kwanza, kabla hujafundisha lolote, kila mwalimu achukue rejista yake na karatasi tupu, na mbele ya kila jina aandike jambo moja analolijua kuhusu nyumbani kwa mtoto huyo ambalo linamsaidia kumfundisha. Si umaskini wala matatizo ya ndoa. Jambo la kufundishia: kaka yake humsomea hadithi, babake hutengeneza nyavu na mtoto anajua kufunga mafundo, jioni hukaa dukani kwa shangazi na kuna taa. Hutakusanya karatasi hizo. Waambie wahesabu kimya nafasi tupu, waandike idadi pembeni, wazifungie kabatini. Wiki ya mwisho ya muhula warudie.

Zaidi ya hapo, wapigie wewe mwenyewe walezi kumi bila kuchagua, uwaulize: "Mara ya mwisho mwalimu alipozungumza nawe, alikuambia nini kuhusu masomo ya mtoto?" Wakijibu kwa kutaja jambo mahususi, kama ile sentensi ndefu inayomkwamisha, au ukurasa mmoja kabla ya kulala, mafunzo yako yamefika mpaka nyumbani. Wakikuambia "alisema mtoto anaendelea vizuri," rudi kwenye viti viwili.

Usitarajie walimu wote 16 wabadilike muhula huu. Ukipata sita wanaouliza na kunyamaza, waache hao ndio wawe nyanya na walimu katika maigizo ya muhula wa tatu, wewe ukae pembeni. Na kuhusu Ijumaa ya kwanza, omba rejista zote ziwe katika ofisi ya walimu kabla ya saa nane, upate viti viwili vya urefu sawa, na umwombe mlinzi wa lango naye aketi na nyinyi. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa shule ambaye mzazi anakutana naye.